Mgongo wa Ami Azzan

Nyumbani kwa Hamed bin Salum, mjini Bagamoyo, hapakuwa na mwanamume aliyesifiwa adabu kama Azzan bin Hamoudi. Alikuwa binamu wa marehemu baba yake Hamed, na kwa heshima ya umri wote mle ndani walimwita ami. Alivuka kutoka Unguja mwanzoni mwa kiangazi, mwaka wa mwisho kabla Wajerumani hawajatweka bendera yao mjini, akasema atakaa mpaka pembe zake za ndovu zishuke kutoka bara. Misafara ikaja, wapagazi wa Kinyamwezi wakaujaza mji ngoma na moshi, misafara ikaondoka. Pembe za ami hazikuonekana, na ami hakuondoka.

Zawadi aliyokuja nayo ilikuwa kioo. Vioo vya madukani siku zile vilikuwa vidogo, na vingi vilimpotoa mtu sura: pua ikaenda upande, shavu likavimba kama la mwenye jino bovu. Hiki kilikuwa kirefu kama ubao wa mlango, bapa, hakina wimbi hata moja, na mtu akijitazama alijiona vile alivyo. Ami hakukubali mwingine akitundike. Alipigilia misumari mwenyewe kwenye ukuta wa ukumbi, akaenda kukaa kwenye baraza ya mawe ya ukuta wa pili, akainuka, akakisogeza kioo, akakaa tena. Ilimchukua asubuhi nzima. Bi Shaikha, mama yake Hamed, alichungulia nyuma ya pazia akacheka.

"Ami yenu anapenda kujiona," alisema.

Ukumbi ule ulikuwa kati ya mlango mkubwa wa njiani na ua wa ndani. Mlango wa kutokea uani ulikaa wazi mchana kutwa, kwani ukifungwa ukumbi mzima hukosa hewa. Uani ndiko walikoishi wanawake. Huko kulikuwa na kisima, jiko, jiwe la kuoshea nywele, na pembeni hodhi la kuogea lililozungushiwa pazia la marekani. Baraza aliyoichagua ami ilijengwa kwenye ukuta uleule wenye mlango wa uani, kando kidogo ya mlango. Kwa hiyo alipokaa, ukuta mzima ulikuwa kati yake na wanawake. Mgongo aliupa uani, uso akauelekeza njiani, kwenye kioo. Hata angegeuza shingo asingeona kitu ila mwimo wa mlango. Akakaa hivyo kila siku, tasbihi mkononi, tambuu shavuni, toka asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Majirani wakawa wanawapigia vijana wao mfano: tazameni mgeni mwenye haya.

Miza, mke wa Hamed, naye alimsifu. Alikuwa mzaliwa wa Saadani, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, na tangu utotoni alijulikana kwa kinyaa. Hakula samaki aliyepikwa na kichwa. Kikombe alichonywea mwingine alikiosha kwanza kwa majivu. Mwanamume asiyetupa macho ovyo alikuwa kwake kama kikombe kilichooshwa, na alimtumia ami kahawa ya kwanza ya birika kila asubuhi, kwa mkono wa mjakazi wake Mgeni.

Siku moja, jua likiwa limepanda vizuri, Miza alikuwa uani akisugua beseni la shaba kwa majivu na ndimu. Alikuwa kichwa wazi, nywele zimelowa, kanga moja kifuani. Alipomaliza aliliinua beseni aone kama limetakata. Jua likapiga kwenye shaba, mwanga ukaruka, ukapita mlango wa ukumbi ukaangukia kioo. Kwa kawaida, ukikitazama kioo kile kutoka uani huoni kitu, kwa kuwa ukumbi una giza. Ni kama kutazama kinywa cha mtungi. Sasa ndani ya kioo ulitokea uso.

Ulikuwa uso wa ami Azzan. Mwanga ulimpiga sawasawa, akakunja jicho moja. Jicho la pili lilibaki wazi, na lilikuwa limemkazia yeye Miza. Midomo ilikuwa myekundu kwa tambuu, imelegea, na uzi wa mate mekundu ulikuwa ukimteremka kidevuni bila yeye kuufuta. Hakushtuka. Alimtazama kama mtu anavyoitazama sahani aliyokwisha kuwekewa mbele yake.

Beseni lilimwanguka Miza mikononi. Uso ukazimika, kioo kikarudi kuwa giza. Ng'ambo ya ukuta alisikia tasbihi ikiendelea, punje baada ya punje, taratibu.

Aliliokota beseni, akaingia nalo chumbani, akavaa nguo zote alizoweza kuvaa, akakaa kitandani na joto lile. Kwanza alijiambia ameona vibaya. Mtu amekaa nyuma ya ukuta, ataonaje? Kisha akajiuliza: na mimi je, nimemwonaje? Ukuta ni uleule. Kama mimi nimeuona uso wake mle kiooni, basi njia ipo. Na njia haijui anayekwenda wala anayerudi.

Hapo ndipo alipoziona siku zote, moja baada ya moja. Siku za kuosha nywele na siku za kuoga. Siku ile aliyokuwa na homa akalala mkekani karibu na kisima, kifua wazi, akipepewa. Kahawa ya kwanza ya birika. Alitapika kwenye beseni lilelile alilotoka kulisugua.

Hakumwambia mumewe siku ile. Alimwambia wifi yake Jokha, dada yake Hamed, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya talaka na ambaye hakuwa mwepesi wa kuamini maneno. Jokha alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Wifi, ukuta mzima! Labda alikuwa anajitazama."

"Angekuwa anajitazama, mimi ningeliona vipi jicho lake?"

"Ulimwona, ndiyo, lakini kuona mtu si kuonwa."

"Basi ngoja Ijumaa," alisema Miza. "Wakienda msikitini nitakuonyesha."

Ijumaa wanaume wote walikwenda kuswali. Bi Shaikha alikuwa amelala chumbani kwake. Miza alimpa Jokha chetezo kilichojaa makaa, akakitupia udi mwingi mpaka ukumbi ukajaa moshi. Yeye mwenyewe akatoka uani na beseni lake.

"Usitazame kioo," alisema. "Tazama moshi."

Akasimama kwenye jua karibu na kisima, akaligeuzageuza beseni mpaka mwanga ukaingia mlangoni. Jokha akapiga kelele ndogo. Ndani ya moshi mwali ulionekana wazi, umenyooka kama kamba iliyovutwa. Uliingia kwa mshazari, ukapiga kioo, ukatoka upande wa pili kwa mshazari uleule, haukuzidi wala haukupungua, ukaenda kuishia kwenye ukuta wa baraza.

"Umeishia wapi?" aliuliza Miza kutoka nje.

"Juu ya baraza, mkono wa kulia."

Miza akaondoka kisimani, akahamia kwenye jiwe la kuoshea nywele. Mwali nao ukahama. Uliingia kwa mwinamo mwingine, na kwa mwinamo huohuo ukatoka. Ilikuwa kama mpira wa makuti wanaochezea watoto ukutani: ukiutupa moja kwa moja unakurudia mwenyewe, ukiutupa kwa upande unakwenda kwa mwenzako, na mwenye kujua kucheza hujua pa kusimama ili aupate.

"Na sasa?"

"Umesogea. Bado haujafika anapokaa yeye."

Miza akaenda kwenye hodhi la kuogea. Pazia la marekani lilikuwa na pembe iliyochanika, nao walikuwa wakisema kila siku watalishona. Akasimama kwenye upenyo ule ambao jua lilikuwa likiufikia, akainua beseni. Huko ndani hakusikia kitu.

"Jokha?"

"Njoo uone," alisema Jokha.

"Nikija mwanga utaondoka. Niambie."

"Kuna doa ukutani. La mafuta. Pale anapoegemeza kichwa." Jokha alisogea karibu. "Mwanga umekaa juu ya doa. Katikati yake."

Miza aliliweka beseni chini akaingia. Doa lilikuwapo, la manjano, limeingia ndani ya chokaa, linanuka mafuta ya nywele yaliyochacha. Hakuwahi kuliona, kwa sababu ami alikuwa amelifunika kwa kichwa siku zote. Alikaa kwenye baraza. Mawe yalikuwa bado na vuguvugu, au yeye alidhani hivyo, na akajisikia kama aliyekaa kwenye maji ya kuogea ya mtu mwingine. Akatazama kioo. Akaona mlango tu. Akajisogeza. Akaona kisima. Ilimbidi akiegemeze kichwa chake mwenyewe juu ya lile doa, nywele zake kwenye mafuta ya ami, ndipo akaliona hodhi, upenyo wa pazia, na kata iliyotundikwa ndani. Vyote vilikuwa mbali kidogo, kana kwamba kulikuwa na ua mwingine ng'ambo ya kioo, upande wa njiani, na katika ua ule kila kitu kimegeuzwa: kisima cha kulia kiko kushoto, jiko la kushoto liko kulia. Ulikuwa ua wake, naye hakuwahi kualikwa.

"Asubuhi nzima ile," alisema Jokha, "alikuwa anasogeza kioo, anakaa, anasogeza. Mama akacheka. Na mimi nikacheka."

Alikuwa akijikuna mikono kama mtu aliyepitiwa na washawasha.

Mgeni, mjakazi, aliwakuta hivyo. Alikuja kuchukua chetezo, kwa kuwa moshi ulikuwa umefika jikoni. Alikuwa mwanamke rika la Miza. Watu wa Saadani walimnunua mwaka wa njaa ya Uzigua, na alipewa Miza siku ya harusi pamoja na kitanda na masanduku. Aliwatazama, akatazama kioo, akaelewa.

"Mmekiona," alisema.

"Wewe ulijua?" aliuliza Miza.

"Nilijua, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu alipokitundika."

Miza alisimama. "Na hukuniambia! Unaniona nikioga, unaniona nikikaa kichwa wazi, na unajua, na huniambii? Nimekukosea nini mimi?"

Mgeni aliinama akachukua chetezo. Alikishika kwa ncha ya kanga, polepole, asijiunguze.

"Ningekuambia nini, bibi? Nyinyi anawatazama kwenye kioo," alisema. "Mimi hanihitajii kioo."

Mgeni aliendelea kwa sauti ileile, kama anayetoa habari za soko.

"Kahawa hunywi baridi, ulisema, na ami naye asinywe baridi. Kwa hiyo nimpelekee mimi, mapema, kabla bwana hajaamka. Nilikuambia mara moja kwamba simtaki mtu yule. Ulisema nina uvivu."

Miza alikumbuka. Alikuwa amesema hivyo, na alikuwa amesema huku akijifunga mtandio. Alitaka kumshika Mgeni mkono, lakini Mgeni alikuwa ameshika moto. Akampisha apite. Kile kinyaa alichokuwa nacho kwa Azzan, ambacho mpaka hapo kilikuwa kisafi, chake peke yake, kikaingia mahali pengine. Kilimwingia yeye mwenyewe. Alikwenda kisimani akanawa mikono, akanawa tena, na kila alipoinusa ilinuka kahawa.

Jioni ile, kabla ya magharibi, ami akiwa bado matembezini, alimwambia mumewe. Hamed bin Salum alikuwa mtu mpole, asiyependa kelele, na mbele ya wazee alikuwa mpole kupita kiasi.

"Miza, mtu amekaa nyuma ya ukuta," alisema. "Ameupa mlango mgongo. Watu wote wanamsifu. Wewe unataka niende nikamwambie ana macho kisogoni?"

"Sitaki umwambie kitu. Nataka ukae pale anapokaa."

"Kwani nikikaa?"

"Kaa tu, bwana."

Hamed akakaa, kwa kumridhisha. Miza akamwonyesha doa akamwambia aegemeze kichwa. Jokha alitakiwa asimame karibu na hodhi, amevaa na kujifunika, ili kaka yake amwone. Ndivyo walivyopatana. Lakini Jokha alichelewa, na bi Shaikha alikuwa amekwisha toka chumbani kwake. Kila jioni Mgeni alimpaka mgongo mafuta ya karafuu kwa ajili ya maumivu, nao walikuwa wameingia nyuma ya pazia. Katika kioo, kupitia upenyo, Hamed aliona mgongo wa mama yake, mkongwe, wazi mpaka kiunoni, na mkono wa Mgeni ukipanda na kushuka.

Alinyanyuka kama aliyekalia makaa. Uso ulimbadilika rangi. Alishika ukuta, mkono ukaangukia kwenye doa la mafuta, akauondoa akaufuta kwenye kanzu yake nyeupe, akaufuta tena.

"Mama yangu," alisema. "Mama yangu, Miza. Miezi yote hii."

"Sote," alisema Miza. "Na Mgeni zaidi ya kutazamwa."

Hamed alimwangalia, akafahamu, akatoka mpaka mlango wa njiani akatema mate nje. Alikaa kizingitini muda mrefu asiweze kurudi ndani.

Ami Azzan aliporudi alikuta kioo kimefunikwa shuka. Alikitazama, akamtazama Hamed, akakaa mahali pake pa siku zote, akatoa tasbihi.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Ami," Hamed alisema, na sauti ilimtetemeka, "kutoka hapo ulipo unaona uani."

"Nani kasema?"

"Nimekaa mwenyewe. Nimeona."

"Umeona nini?"

Hamed alishindwa kulitamka. Azzan alitikisa kichwa kwa huruma, kama mwalimu aliyepewa jibu baya.

"Basi aliyetazama wanawake ni wewe, mwanangu. Mimi nimekaa hapa namkumbuka Mola wangu. Kioo nilileta zawadi. Kama kioo kinaonyesha kitu, kulaumiwa kwangu ni kwa lipi? Mwogope Mungu. Dhana nyingine ni dhambi."

Alisema kwa upole, na huku akisema alitafuna. Miza, nyuma ya pazia la mlango, aliisikia midomo ile ikigandana na kuachana, na nywele zikamsimama. Alikuwa ametazamia mtu huyu akikamatwa ataona aibu. Sasa aliona kwamba aibu yote imebaki upande wao, naye Azzan amekaa kavu kama bata aliyetoka majini.

Asubuhi bi Shaikha aliwaita Hamed, Miza na Jokha chumbani kwake. Alikuwa amekwisha elezwa yote, na hakuwa amelala. Macho yalimvimba. Alikuwa mwanamke mwenye akili, aliyeiendesha nyumba ile tangu mumewe afe, na kitu alichokiogopa kuliko vyote ni jina la nyumba kupita vinywani mwa watu.

"Ataondoka," alisema. "Nimempelekea neno, naye amekubali. Ataondoka kwa heshima, na watu watamsindikiza, na hakuna atakayesikia kitu. Jokha ana umri wa kuolewa tena. Nani atamposa mwanamke aliyetazamwa na mtu akioga?"

"Mama, anatoka hivihivi?" alisema Jokha.

"Anatoka. Hilo ndilo ninalolitaka. Ila ameomba jambo moja ili aondoke bila maneno." Bi Shaikha alijitengeneza mtandio. "Anamtaka Mgeni. Anasema amemzoea."

Mgeni alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Halikutikisika. Alitazama chini, mahali fulani mbele ya vidole vya miguu yake, na uso wake ulikuwa umefungwa kabisa.

Neno lile, amemzoea, lilimpanda Miza kooni kama nyongo. Alimtazama mkwewe, mwanamke aliyempenda, mwenye mikono inayonuka karafuu, akaona jinsi alivyolisema kwa urahisi. Alimtazama mumewe, ambaye alikuwa akitazama mkeka. Akajua kwamba Hamed atakubali. Atakataa kidogo, kisha atakubali, na jioni atakuja kumwambia ilikuwa hakuna njia.

"Mgeni ni wangu," alisema Miza. "Alitoka kwa baba yangu."

"Ni wako, ndiyo. Ndiyo maana nakuomba," alisema bi Shaikha. "Nitakupa mwingine."

"Basi sikilizeni nyote. Mgeni ni huru. Nimemwacha huru kwa ajili ya Mungu, tangu sasa, na nyinyi ni mashahidi."

Kuku alilia uani.

"Hayo ni maneno ya hasira," alisema bi Shaikha. "Atayarudisha."

Hamed aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu jana sauti yake ilikuwa imara. "Hayarudi, mama. Neno la kuacha huru halina mzaha wala hasira. Likitoka limetoka. Mimi nimelisikia."

"Na mimi nimelisikia," alisema Jokha.

Bi Shaikha aliwatazama watoto wake wawili, akajifunika uso kwa mtandio. Mgeni aliinama, akaweka sinia chini katikati ya mkeka, akatoka. Hakugusa tena chombo chochote cha nyumba ile.

Azzan aliondoka siku hiyohiyo bila kupata alichotaka, na hakusema neno kwa mtu, kwa kuwa naye alikuwa na jina la kulinda. Watu wa mtaani walimsindikiza mpaka forodhani. Mmoja alimwambia Hamed njiani, "Umepata baraka kukaa na mtu kama yule. Hata siku moja sikumwona akitazama mlango wa ndani." Hamed alijibu, "Kweli," na neno hilo lilimchafua kinywa mpaka alipofika nyumbani. Alikiteremsha kioo mwenyewe, akampigia baniani mmoja hodi, akampa akiuze apendavyo. Ukuta wa baraza ulipakwa chokaa. Wanawake walihamia kuoga chumba cha ndani kisicho na dirisha, na hata humo Jokha alikuwa akizima taa kwanza.

Mgeni alikaa siku chache kwa Mwanamvua, mwanamke wa Mkange, kijiji cha Uzigua, aliyekuwa akija mjini kuchukua chumvi na kuipeleka kwao. Njia ilikuwa na watekaji, na mtu aliyeachwa huru leo angeweza kuuzwa kesho, kwa hiyo ilibidi asubiri kundi. Asubuhi ya safari Miza alijifunika akaenda kumwona, amebeba kanga jozi mbili, mpya.

Alimkuta Mgeni akifunga mzigo wa chumvi kwa kamba ya ukindu. Alikuwa akikaza kwa goti, na hakuacha kazi.

"Nimekuletea hizi," alisema Miza.

"Ziweke hapo."

Miza akaziweka. Alikuwa amejiandaa kusema mengi. "Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Kwa ile kahawa."

Mgeni alifunga fundo, akalivuta kwa meno, akatema uzi wa ukindu. "Umeniomba," alisema.

Miza akangoja. Kitu ndani yake kilikuwa kinangoja neno jingine, neno la shukurani, hata dogo, la yale aliyoyafanya mbele ya mkwewe. Alikitambua kitu hicho kilivyokaa, kimetega sikio, kinataka kulipwa, na kilimtia kinyaa kuliko midomo ya Azzan. Akaaga. Mgeni alijitwika mzigo akaingia kwenye kundi la wanawake wa chumvi, akaenda zake kwa njia ya kaskazini, wala hakugeuka. Kanga zilibaki palepale zilipowekwa, na Mwanamvua akazitia katika mzigo wake mwenyewe.

Msimu uliofuata, kabla mji haujaanza kuvurugika kwa vita, Mwanamvua alirudi kuchukua chumvi. Miza alimwita ndani, akamkaribisha chakula, akamuuliza habari za Mkange.

"Analima," alisema Mwanamvua. "Amemkuta mjomba wake hai. Ana shamba la mtama, na mwaka huu ndege hawakumwonea sana. Hilo jina la Mgeni ameliacha. Amerudia jina alilopewa na mama yake."

"Jina gani?"

Mwanamvua alimega tonge, akalitazama mkononi kabla ya kulitia mchuzi.

"Alijua utaniuliza," alisema. "Amesema nisikuambie."

Miza aliitikia kwa kichwa. Akamsogezea bakuli la mchuzi, akamuuliza kama mvua za huko zimekwisha anza.